Idhini ya Mama Julius

Karatu kampuni za safari ni nyingi, na kila moja ina bosi. Lakini ukitaka kumjua anayeiendesha, uliza simu ya nani inaita kabla jogoo hajawika. Katika kampuni ya Mwendapole Safaris simu hiyo ilikuwa ya Lukresia Hhando, mhasibu mkuu, ambaye hakuna aliyemwita Lukresia isipokuwa mama yake mzazi na karani wa benki. Wengine wote, kuanzia mlinzi wa geti hadi mwenye kampuni, walimwita Mama Julius.

Mwendapole ilikuwa na lodji moja pale Karatu, kambi moja ya mahema upande wa Endulen, gereji, stoo, na magari ya kushusha wageni Kreta ya Ngorongoro. Na kila kitu kilichotoka kwenye stoo ile, iwe dizeli, iwe tairi, iwe mfuko wa vitunguu, kilitoka kwa neno moja. Melkizedek, mtunza stoo, alipiga simu akauliza, "Mama Julius, nitoe?" Yeye akafikiri kidogo, akasema, "Toa." Ikiwa hapana, alisema, "Ngoja." Basi. Kampuni yenye wageni kutoka pande zote za dunia iliendeshwa kwa "toa" na "ngoja", na haikufilisika.

Sasa Mama Julius alikuwa anataka kuondoka. Mumewe alishafariki, Julius mwenyewe anafanya kazi Dodoma na ana familia yake, na kule Mbulumbulu mama yake, Bibi Selestina, alikuwa amebaki peke yake kwenye nyumba ya wazazi na shamba la ngano linaloteremka mpaka korongoni. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kupotea. Mdogo wake Lukresia, Vedasto, anayeishi Babati, alikuwa ameshasema neno lake la mwisho kwenye simu.

"Dada, mama anapika kwa kupapasa. Siku moja ataungua. Masika yakianza na wewe hujarudi nyumbani, nakuja na gari namchukua, na shamba nalikodisha."

"Umtoe mama Mbulumbulu? Una wazimu?"

"Nimeshasema, dada."

Na mama mwenyewe, kila Lukresia alipopiga, hakukosa kumaliza kwa maneno yaleyale: "Njoo kabla ya mvua, mwanangu. Njoo." Lukresia akikata simu anabaki ameishika. Alimsikia mama yake analia bila machozi, anaomba asing'olewe alipoota. Akaapa kwamba mama yake hatafia Babati kwenye nyumba ya kupanga.

Akaenda kwa bosi. Bosi wake, Wilson, ni mtu wa Moshi aliyekuja Karatu na gari moja bovu akatajirika, na katika utajiri wake wote hakuna kitu alichokiogopa kama kumpoteza Mama Julius.

"Ukiondoka leo, kampuni inakufa kesho," alisema. "Mimi nakuambia ukweli. Tununue mfumo, ule wa kompyuta wa kuunganisha stoo, gereji, jiko, hesabu, kila kitu. Uchague wewe mwenyewe. Siku mfumo ukisimama, nenda na baraka zangu."

Haya. Mwanamke akapewa kazi ya kujitafutia mrithi wa chuma.

Wakaja wauzaji. Wa kwanza walitoka Dar, wamevaa suti kwenye vumbi la Karatu, wakafunga projekta yao kwenye ukumbi wa chakula. Mfumo wao ulikuwa na jina kubwa la Ulaya. Wao walisema hawaamini mambo ya nusu nusu: kampuni nzima inalala na mfumo wa zamani, inaamka na mpya. Siku moja tu, hesabu, stoo na magari vyote vimehama.

"Na tukiamka haufanyi kazi?" Mama Julius aliuliza.

"Utafanya kazi, mama."

"Nimeuliza, na usipofanya? Mgeni yuko kitandani, gari linatakiwa geti la hifadhi asubuhi. Nimwambie nini, arudi Ulaya kulikotoka mfumo?"

Yule kijana wa suti alicheka, akarukia picha nyingine ya projekta. Wao wangemaliza kabla ya masika, na hilo Mama Julius alilisikia vizuri sana. Moyo ulisema, chukua hawa uende zako. Kichwa kikakataa. Alifunga safari hadi Arusha kwenye hoteli iliyonunua mfumo ule, akaketi na mhasibu wao wakinywa chai, na mhasibu yule akamwonyesha kompyuta mbili mezani: moja ya mfumo, nyingine ya kufanyia kazi. Akaaga.

Wa pili walitoka Nairobi. Hawa mfumo wao ulitengenezwa kwa ajili ya safari peke yake. Ulijua gari ni nini, mgeni ni nini, na kiingilio cha hifadhi kinalipwaje. Ulikuwa mzuri, jamani, tusinyime mtu haki yake. Shida yake ni mbili. Ya kwanza, wote wanaoutumia hufanya kazi kwa namna moja, na ukitaka jambo lako dogo libadilishwe unaambiwa badilika wewe. Ya pili, ulikaa huko huko mtandaoni. Mama Julius akampigia Parmuat, msimamizi wa kambi ya Endulen, mbele yao, akaweka spika. Sauti ya Parmuat ikaja vipande vipande, ikapotea, ikarudi, ikapotea moja kwa moja. "Huyo ndiye atakayetumia mfumo wenu," aliwaambia, na kikao kikafungwa.

Wa tatu alikuja peke yake, kwa basi, kutoka Arusha. Jina lake Eliud. Hakuwa na suti, na mfumo wake ulikuwa wa ile aina ambayo programu yenyewe ni ya bure, unalipa fundi wa kuifunga na kuifuma ikufae. Wilson alimdharau papo hapo. Mama Julius alimuuliza maswali yaleyale aliyowauliza wenzake: kambini bila mtandao itakuwaje, ukiharibika nani anakuja na kwa muda gani, na tukigombana, taarifa zetu tunaondoka nazo au zinabaki kwako. Eliud akajibu kwamba kompyuta ya kambini itahifadhi kila kitu hadi mtandao urudi, kwamba yeye yuko Arusha na basi ni la saa chache, na kwamba taarifa ni zao, atawakabidhi na funguo. Kisha akasema lile lililomfanya Wilson akunje uso: yeye hahamishi kampuni kwa siku moja. Anaanza na stoo. Ikitulia, gereji. Halafu jiko, halafu kambi, na mwisho kabisa idhini na hesabu, mfumo wa zamani na mpya ikienda sambamba kwa muda.

"Mpaka lini?" Mama Julius aliuliza.

"Tukienda vizuri, katikati ya mwaka."

Masika yalikuwa yanabisha hodi. Mama Julius alitazama nje, kwenye mawingu yaliyokuwa yamekaa juu ya msitu wa Ngorongoro. Wa haraka hawafai na anayefaa si wa haraka. Angekuwa mtu mwingine angewachukua wa Dar, akaondoka, na moto ukiwaka usimkute. Yeye hakuweza. Akafanya alichofanya maisha yake yote, akapatana.

"Nakuchukua wewe. Lakini kichwa kiwe mkia. Anza na idhini. Kinachonifunga hapa si stoo wala gereji, ni kwamba kila mtu ananiuliza mimi. Nifungulie hilo kwanza, mimi niende. Mengine utafuata nayo pole pole na Jackline."

Jackline alikuwa msaidizi wake, binti wa Machame, mwepesi wa kalamu na mwepesi wa kuelewa, aliyekuwa amekaa meza ya pembeni miaka yote hiyo akisubiri.

Eliud hakuipenda sana ile njia, lakini mteja ni mteja. Akaanza kuzunguka na kompyuta yake, idara kwa idara, akiuliza swali moja: ombi la kitu hiki likija, nani anaidhinisha?

"Dizeli?"

"Mama Julius," alisema Melkizedek.

"Tairi?"

"Mama Julius."

"Na asipokuwepo?"

Melkizedek alimtazama kama anayemtazama mtu asiye na adabu. "Asipokuwepo tunampigia."

Gereji wakasema hivyo hivyo. Jiko hivyo hivyo. Parmuat, mtandao uliposhika, akasema, "Yero, rafiki yangu, andika Mama Julius." Hata Jackline, ambaye alijua fika mpango wote, alipoulizwa hesabu za siku kwa siku nani azipitishe, aliinamisha macho akasema, "Weka Mama." Angesemaje? Aandike jina lake juu ya jina la mtu mzima, na mtu mzima yupo, amekaa, anamwona? Kwao Machame hawakumlea hivyo, na mafundi wa gereji, Wairaqw wenyeji wa Karatu, wasingemsamehe. Na Eliud naye ni mtoto wa watu. Aliandika alichoambiwa.

Kisha akampelekea Mama Julius aupitie mpangilio kabla haujawashwa. Mama Julius akautazama kwenye kioo, kila mstari jina lake, kila njia inaishia kwake. Na ndiye mtu aliyewatoa jasho wauzaji wa miji mitatu! Akaona sawa. Nani amewahi kuona kisogo chake?

"Washa," alisema.

Ijumaa akapanda bodaboda kwenda Mbulumbulu kukaa siku chache za majaribio. Njiani simu ilitetemeka kwenye mkoba wake bila kupumzika, akadhani ni watu wa kanisa. Alipofika kwa mama mtandao ulikuwa umekatika, kama kawaida ya kule mawingu yakitanda, naye akashukuru Mungu.

Bibi Selestina alikuwa ameketi mlangoni, shuka begani, uso ameuelekeza kwenye sauti ya pikipiki. "Ni wewe? Keti kwanza. Kuna neno nataka kukuambia, limenikaa."

"Utaniambia, mama. Nipumzike kidogo."

Asubuhi yake, kabla uji haujachemka, gari la Mwendapole likaingia uani likiwa na tope hadi madirishani. Dereva alishuka bila kuzima injini. Mambo yalikuwa yameharibika, we acha tu! Dizeli ya jenereta ya Endulen ilikuwa kwenye stoo, lori la kuipeleka lilikuwa uani, na Melkizedek alikuwa na ufunguo mkononi. Lakini mfumo ulisema ombi linasubiri idhini, na idhini ilikuwa Mbulumbulu, kwa mama yake, haipatikani. Wageni wa kambini wameoga maji ya baridi. Magari mawili hayakupata tairi, wageni wake wamepakiwa magari ya kampuni jirani kwa kubembeleza. Jackline alikuwa ameliona tatizo tangu jioni, akakaa na kulia, kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kubonyeza.

"Nikirudi, mama," Lukresia alisema, akiingia kwenye gari. Bibi Selestina alibaki amegeuza uso kule gari lilikokuwa.

Ofisini Mama Julius alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Maombi yakapita moja moja, lori likaondoka. Ndipo akawaita wote na kuwauliza kwa hasira, "Nani aliwaambia muandike jina langu kila mahali? Mnajua kwamba naondoka. Mnajua!"

Watu walichunguza viatu vyao.

"Haya, leo tunabadilisha. Dizeli nani aidhinishe?"

Mwishowe Melkizedek, mtu wa makamo, mwanakwaya, asiye na makuu, akasema, "Mama, usitukasirikie. Wewe upo. Umekaa hapo. Sasa mimi nisimame niseme niandikeni mimi? Watu wataniona namna gani? Watasema huyu alikuwa anangoja kumzika."

"Nimeshasema naondoka!"

"Kusema umesema. Lakini hujatuachia. Mwaka ule Jackline alipitisha tairi ulipokuwa msibani. Uliporudi ulifanya nini?"

Alikumbuka. Alilifuta lile ombi kwenye daftari, akaliandika upya, akalipitisha yeye. Tairi zilezile, idadi ileile, bei ileile. Jackline alikuwa amesimama pembeni akiangalia.

Ukubwa jalala, watu husema, kila taka hutupwa kwako, na wakubwa hupenda kulalamika hivyo. Mama Julius naye alilalamika miaka nenda rudi kwamba hapati usingizi kwa simu. Pale, mbele ya wale watu waliokuwa hawamwangalii usoni, alijijua. Alipenda kuulizwa. Alipenda simu ikiita gizani na mtu mzima upande wa pili anasubiri pumzi yake. Aliona aibu, aibu ya kweli.

Eliud, aliyekuwa kwenye kona, alisema kwa sauti ndogo kwamba kubadilisha majina kwenye mfumo ni kazi ya dakika chache tu.

"Najua," Mama Julius alisema. "Kazi yenyewe haiko huko kwenye kompyuta."

Akawatoa wote nje, mbele ya gereji, kwenye uwanja wa kuoshea magari. Akamwita Jackline, naye Jackline akapiga magoti kwenye saruji yenye maji. Akamwekea mkono kichwani, akaomba. Aliomba kwa Kiiraqw, kama mama yake alivyomwombea yeye alipotoka nyumbani kwenda kuolewa, akataja kazi na safari na mvua na watu wa nyumba hii, na wale mafundi wa gereji wakavua kofia wakaitikia amina kila alipopumua. Jackline hakuelewa hata neno moja. Aliitikia amina pale wenzake walipoitikia, machozi yakimtoka. Baraka iliyosemwa hadharani watu wa kule hawaibishii. Sasa hata Melkizedek akimuuliza Jackline hakuna atakayesema amemdharau mzee, kwa kuwa mzee mwenyewe ametaka.

Hata hivyo mazoea yana taabu. Jackline bado anajifuta maji magotini, Melkizedek akageuka akauliza, "Mama Julius, lile lori la kesho, nitoe?"

Mama Julius akatazama mlima. Melkizedek akangoja. Jogoo wa jirani akawika, fundi mmoja akakohoa, na Mama Julius akaendelea kutazama mlima kana kwamba anauona kwa mara ya kwanza. Polepole sana Melkizedek akageuka upande wa pili.

"Dada Jackline, nitoe?"

"Imebaki kiasi gani kwenye tangi la kule?" Jackline aliuliza, akasikiliza jibu, akafikiri kidogo. "Toa."

Ilimuuma. Tusidanganyane. Lilikuwa swali lilelile ambalo angeliuliza yeye, na kampuni haikutetereka hata kidogo. Wilson alimpa mkono kwa muda mrefu, akamwambia gari lipo la kumpeleka nyumbani na vyombo vyake.

Kesho yake mvua ilimkuta Rhotia. Ilianza kwa matone makubwa juu ya bati la gari, ikawa kamba, na barabara ya Mbulumbulu ikageuka utelezi mtupu. Dereva alipendekeza walale njiani. Mama Julius akakataa, akashuka mara mbili kusukuma, akapanda tena na kanga imelowa, akisema peke yake, "Mungu wangu, nisimkose. Nisimkose mama yangu."

Walipoingia uani mvua ilikuwa imepungua. Gari la Vedasto lilikuwepo, mlango wa nyuma uko wazi. Ndani kulikuwa na godoro, sanduku la bati, na kuku wawili waliofungwa miguu. Shambani trekta lilikuwa linanguruma likisubiri.

Lukresia aliruka kabla gari halijasimama. "Vedasto! Mteremshe mama! Nimefika, nimehamia, mfumo umeisha, kila kitu nimeacha. Haendi popote!"

Vedasto alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amekaa kiti cha mbele, amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, mikono mapajani.

"Nani amekuambia siendi?" Bibi Selestina aliuliza.

"Mama?"

"Nani aliniuliza? Wewe ulipiga kelele kwenye simu kwamba nisichukuliwe. Huyu alipiga kelele kwamba nichukuliwe. Mimi nilikuwa hapa nasikiliza. Nataka kwenda Babati. Kuna wajukuu, kuna daktari wa macho, kuna watu wa kuongea nao mchana. Nimechoka kuongea na mbuzi."

"Lakini ulisema nije kabla ya mvua. Kila siku ulisema."

"Ili ulipate shamba kabla ya kulimwa. Baba yako aliliacha mkononi mwangu, nami nisingeliacha hewani. Juzi nilikuambia keti nikuambie, ukasema ukirudi." Alinyoosha mkono, akaupapasa uso wa binti yake uliolowa, akaenda hadi kwenye nywele. "Shamba ni lako. Vedasto amekubali, naye ndiye shahidi."

"Basi kaa, mama. Kaa hata mwezi mmoja, unionyeshe."

"Nikikaa utaniuliza kila kitu," alisema bibi. "Vedasto, twende, barabara inazidi kuharibika."

Waliagana haraka, kwa Kiiraqw, dirishani. Gari likageuka uani, likakamata barabara, kuku wakilalamika. Lukresia alisimama kwenye tope na mkono bado juu. Hakulia, alikuwa amechoka mno.

Dereva wa trekta alikuja akivuta mabuti yake, akavua kofia kwa heshima. "Pole na safari, mama. Shikamoo. Ngano tuanzie juu au kule chini korongoni?"

Lukresia aligeukia barabara kumtafuta mama yake amuulize, lakini gari lilikuwa limeshashuka upande wa pili wa kilima.